Muvi Zilizorudi Dukani

Hotuba niliyoitoa jioni ya kuangalia filamu, Majengo, Moshi. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Nimshukuru mwenyekiti wetu wa mtaa kwa kutuachia ukumbi, na kina mama walioleta chai. Nimeombwa niongee kidogo kabla projekta haijawashwa, kwa sababu wiki nzima kuna swali limenifuata kuanzia sokoni Mbuyuni mpaka stendi: "Hiyo filamu si ya zamani? Si tulishaiona?" Baadhi yenu mmeshaiona, ndiyo. Ndiyo maana nimeichagua. Naomba niwaeleze.

Wengi mnanijua kwa lile duka. Tangu mwaka 1999 mpaka 2014 nilikuwa nakodisha kanda, baadaye CD na DVD, pale ambapo siku hizi yupo fundi cherehani. Kuna watu humu ndani walikuja kwangu wakiwa hawafiki kaunta, wametumwa na baba zao na sarafu mkononi. Leo nawaona wamebeba watoto wao.

Kijana akiingia dukani, swali la kwanza lilikuwa moja: "Stelingi nani?" La pili: "Ina mapigano?" Nikimwambia haina mapigano, ni habari ya mama mmoja anajifunza lugha, au kijana anayerudi kijijini kutengeneza umeme, anairudisha rafuni bila hata kutazama picha ya mbele. Hizo zilikuwa zinaitwa muvi za kina mama. Muvi za kulalia. Kwa mdomo, hakuna aliyezitaka.

Lakini nilikuwa na daftari. Kila aliyekodi niliandika jina, tarehe na muvi. Na daftari lilikuwa linasema habari nyingine kabisa. Muvi za ngumi zilitoka kwa kasi wiki ya kwanza, zinagombewa, watu wanawekeana zamu. Baada ya miezi miwili zimekaa zinakula vumbi. Zile laini zilitoka polepole, lakini zilitoka kwa majina yaleyale. Mtu anaichukua Machi, anaichukua tena Juni, anaichukua Desemba ndugu zake wakipanda kutoka Dar. Mama mmoja wa genge alichukua muvi moja mara nyingi mpaka nikamwambia, mama, chukua moja kwa moja, ukae nayo. Akakataa. Akasema ikikaa kwake haitakuwa na hamu.

Enzi za kanda kulikuwa na ushahidi mwingine, na huu waliokuwa na deki wanaukumbuka. Mahali watu wanaporudisha nyuma sana, mkanda unachoka. Picha inaanza kucheza, mistari myeupe inapita. Kwa hiyo kanda yenyewe ilikuwa inakuonyesha watu wamependa wapi. Za mapigano zilichakaa kwenye mapigano, hilo halikunishangaza. Nilishangazwa na kanda ya Cool Runnings.

Hiyo ni filamu ya mwaka 1993, ya vijana wanne wa Jamaica wanaokwenda kushindana kwa kigari cha barafu kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Nchi ya jua na minazi, wao wanataka barafu. Kisa chake kimetokana na timu ya kweli ya Jamaica iliyokwenda Calgary, Kanada, mwaka 1988. Kocha wao kwenye filamu anachezwa na John Candy, yule bonge mwenye uso wa upole, ambaye alifariki mwaka uliofuata, 1994. Vichekesho vimejaa humo. Kuna mmoja anakaa ndani ya gari la aiskrimu ili ajizoeze baridi, mpaka rasta yake inakatika kama kijiti. Nilitegemea kanda ichakae hapo.

Haikuchakaa hapo. Ilichakaa mwishoni kabisa, kigari kinapopinduka, na wale vijana wanatoka, wanakinyanyua mabegani, wanatembea nacho mpaka mstari wa kumalizia. Hapo picha ilikuwa inatetemeka mpaka unaona huruma. Wateja wangu walikuwa wanaparudia hapo pa kushindwa.

Kulikuwa na dereva mmoja wa lori aliyekuwa akiichukua kila akirudi safari. Analala siku moja, jioni anakuja. Siku moja nikamwambia nilichosoma, kwamba wale Wajamaika wa kweli hawakukibeba kigari mabegani. Walitembea pembeni yake huku kikisukumwa. Alinyamaza, akafikiri, akaniuliza: "Lakini walimaliza kwa miguu yao?" Nikamwambia ndiyo. Akasema basi, akachukua kanda yake akaenda.

Nadhani sisi wa Moshi tuna haki ya pekee kwenye filamu ile. Tunaamka asubuhi, wingu likifunguka tunaiona theluji ya Kibo juu ya mabati yetu, na wengi wetu humu hatujawahi kuikanyaga. Tunajua maana ya kuishi na jua kichwani na barafu machoni.

Sasa, kwa nini mtu arudie kitu ambacho mwisho wake anaujua? Mimi nakumbuka jikoni kwa bibi yangu, kule juu kihambani, moshi umejaa, ndizi ziko motoni. Bibi anasema "Paukwa", sisi "Pakawa". Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kumwambia, bibi, hiyo tulishaisikia. Tulikuwa tunaiomba ileile. Sungura alipokaribia kumdanganya fisi, tulianza kucheka kabla bibi hajafika, na akiruka kipande kwa kusinzia tulimwamsha akirudie. Tulikuwa tunajua kila neno na bado tulikuwa tunasogea karibu. Ni hivi karibuni tu tumeanza kuona kwamba hadithi ikishajulikana imekwisha, kama chupa ya soda.

Nami nitawaambia nilivyojifunza hili kwa uhakika. Mama yangu yupo hapa, mstari wa mbele, amevaa kitenge cha bluu. Mama, shikamoo. Ameniruhusu nilisimulie.

Mama alitulea kwa vitumbua na maandazi. Alikuwa anaamka saa tisa usiku. Mwaka 2013 alikwenda ofisi moja, sitaitaja, kufuatilia karatasi za marehemu baba. Akapewa fomu ya Kiingereza. Akauliza kwa adabu kama kuna ya Kiswahili. Yule binti wa dirishani akamjibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika, na watu kwenye foleni wakacheka. Mama alirudi nyumbani na fomu haijajazwa. Hakusema kitu. Aliniambia baada ya wiki mbili, tukiwa tunachambua mchele, na aliniambia bila kuniangalia.

Dukani nilikuwa na filamu ya Kihindi iliyotoka mwaka mmoja kabla, English Vinglish, ya mwongozaji Gauri Shinde. Ilikuwa haitoki. Ndani yake yupo Sridevi, ambaye wazee wa picha za Kihindi hapa wanamjua tangu enzi zake. Alikuwa amekaa miaka 15 bila kucheza filamu, na hii ndiyo aliyorudi nayo. Anacheza mama wa nyumbani, Shashi, anayetengeneza laddu za kuuza. Laddu ni vile vitamu vya mviringo vya Kihindi. Binti yake anamwonea aibu kwa sababu Kiingereza chake hakijanyooka. Mume wake anatania mbele za watu kwamba mke wake kazaliwa kutengeneza laddu. Anatumwa New York peke yake kusaidia harusi ya mtoto wa dada yake. Huko anaingia mgahawani kununua chakula, mhudumu anamkaripia, foleni inamnung'unikia, anakimbia nje analia.

Nikaichukua ile filamu nikaenda nayo nyumbani. Lugha ni Kihindi na Kiingereza, na maandishi ya chini ni Kiingereza, kwa hiyo nilikaa pembeni ya mama ninamtafsiria. Tulipofika pale mgahawani, mama aliweka kikombe chini. Hakusema neno. Aliangalia mpaka mwisho.

Wiki iliyofuata akaniuliza: "Ile ya mama wa maandazi bado unayo?"

Mara ya pili alianza kuona vitu ambavyo mimi sikuviona. Aliniambia, angalia, ile pesa ya kulipia masomo ni ya laddu zake mwenyewe, hakuomba mtu. Aliniambia, angalia lile darasa, kuna dereva teksi wa Kipakistani, kuna yaya kutoka Meksiko, kuna mpishi wa Kifaransa, wote wanakosea na hakuna anayemcheka mwenzake. Mara ya tatu nilipofungua mdomo kutafsiri, akaniambia ninyamaze. Akaanza kutafsiri yeye, kwa Kiswahili na Kichaga kilichochanganyika, kwa dada yangu na watoto waliokuwa wamekuja Krismasi. Alikuwa anayajua yote. Alifika kwenye hotuba ya Shashi siku ya harusi, ile anayoisema kwa Kiingereza cha taratibu huku mume wake ameduwaa, na mama akaisema yote kwa sauti, akisimama mahali Sridevi aliposimama, akikaza mahali alipokaza. Sebule nzima kimya. Watoto wenyewe walinyamaza.

Januari akaenda tena ile ofisi, na fomu yake. Akaomba ya Kiswahili. Hawakuwa nayo. Akavuta kiti, akamwambia yule aliyekuwa dirishani: "Basi kaa hapa unisomee, mimi nitakujibu." Na akasomewa.

Kuna kipande kingine mama anakipenda ambacho mtu wa mara ya kwanza anakipita. Mwisho mwisho, Shashi yuko kwenye ndege anarudi nyumbani. Sasa anajua Kiingereza. Mhudumu anamletea magazeti, naye anauliza kwa Kiingereza kama kuna gazeti la Kihindi. Mama hucheka hapo kila mara, cheko la ndani ya koo, kama mtu aliyepokea salamu kutoka mbali. Sridevi alifariki Februari 2018. Mama alinipigia simu kuniambia kabla redio haijamaliza habari.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema muvi laini hazina kazi, ninamwangalia tu.

Nyingine niliyoihangaikia sana kuwashawishi wateja ni Swades, ya mwaka 2004, ya Ashutosh Gowariker. Shah Rukh Khan huyuhuyu ambaye mkisikia jina lake mlikuwa mnakimbilia, lakini hii hamkuitaka, na hata kwao India ilipotoka haikufanya vizuri sokoni. Anacheza injinia wa NASA anayerudi kumtafuta mama aliyemlea. Anakuta kijiji kinakatikiwa umeme kila usiku, anawashawishi wanakijiji waelekeze maji ya kilimani yazungushe mtambo mdogo. Wachaga wenzangu, nani anayehitaji kuelezwa hiyo? Babu zetu walichimba mifongo, wakayashusha maji ya mlimani kihamba kwa kihamba, kwa zamu, kwa makubaliano. Pale wanapochimba pamoja mimi naona Old Moshi, naona Machame. Na taa inapowaka, kuna bibi mzee sana ananyanyua uso anatamka neno moja tu, umeme, kwa Kihindi. Neno moja. Filamu ndefu, zaidi ya saa tatu, na mimi huikaa yote kwa ajili ya uso wa bibi yule.

Mtaniuliza kwa nini filamu kama hizi zinapitwa. Nadhani sababu moja ni pale tulipojifunzia kuangalia. Wengi wetu tulianzia kwenye kibanda umiza, benchi la mbao, watu themanini kwenye chumba cha watu thelathini, jasho, kelele. Mule ndani filamu ya ukimya haiwezi kuishi. Mtu akikaa kimya kwenye picha dakika moja, nyuma wanapiga miluzi. Tulikuwa na watafsiri wetu mahodari, akina Lufufu, waliotuwekea Kiswahili juu ya sauti, na nawaheshimu mno kwa kazi ile, kwa sababu ndio waliotufungulia mlango. Lakini uso wa mtu anayefikiri hautafsiriki kwa kipaza sauti. Unahitaji sebule. Unahitaji mtu mmoja pembeni yako.

Vichekesho havikupata shida hiyo. King Majuto, yule mzee wetu wa Tanga aliyetutoka Agosti 2018, hakukaa rafuni hata siku mbili, na alistahili.

Niseme pia kuhusu Hatari!, kwa sababu najua mtaniuliza, na kwa sababu ni ya nyumbani. Ilitoka mwaka 1962, ya Howard Hawks, na John Wayne ndiye stelingi. Sehemu kubwa waliipigia huku kwetu, mabonde ya Arusha na Ngorongoro, na mmoja wa waigizaji, Mjerumani Hardy Krüger, alipenda Momella mpaka akanunua shamba akakaa. Mwishoni watoto wa tembo wanakimbia mitaani Arusha wakimfuata dada mmoja, na ukiwa umezaliwa huku unakodoa macho kutambua barabara. Kipande kile nimekirudia sana na nitaendelea kukirudia. Ila sitaki kuwadanganya: jina lake ni la Kiswahili, ardhi ni yetu, na watu wetu humo karibu hawasemi kitu. Wanabeba, wanaendesha, wanapita nyuma. Kila nikiirudia naona hilo zaidi. Kurudia kunaonyesha na upungufu pia.

Kwa sababu hiyo nilipoiona Supa Modo nilikaa chini. Ni filamu ya Kenya ya mwaka 2018, imeongozwa na Likarion Wainaina, na inasema Kiswahili chetu. Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usio na tiba, na anapenda mashujaa wa kwenye filamu kuliko kitu chochote. Dada yake anataka afurahi, mama yake anataka apumzike kitandani, na mwisho kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu ambayo shujaa ni yeye. Kuna bwana anayewaonyesha watu muvi pale kijijini na kuzitafsiri, na mimi nilijiona. Wapo walioniambia hiyo si ya kufurahisha, mtoto anaumwa. Mimi nawajibu hivi: furaha isiyojua msiba sijui ni ya wapi, si ya Moshi. Sisi tukitoka kuzika tunakaa, tunakula, kuna mtu anasimulia kituko cha marehemu, watu wanacheka na machozi hayajakauka. Ile filamu inajua hilo. Nimeiona mara sita na kila mara natoka nikiwa nimesimama wima zaidi.

Sasa ya leo. Queen of Katwe, mwaka 2016. Imeongozwa na Mira Nair, mama wa Kihindi aliyejenga maisha Kampala kwa miaka mingi. Ni kisa cha kweli cha Phiona Mutesi, binti aliyekuwa anauza mahindi Katwe, aliyefika kwenye kikundi cha sataranji cha Robert Katende akifuata uji. Uji tu. Mwaka 2012, kule Istanbul, alipata cheo cha kimataifa cha mchezo huo. Lupita Nyong'o anacheza mama yake, na kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote alizofanya. Ilitengenezwa na Disney, kampuni kubwa kabisa, na bado kwenye majumba ya sinema haikurudisha hata gharama yake. Duka langu lilikuwa limeshafungwa. Nimeumia mara nyingi kwamba sikupata nafasi ya kuiweka mkononi mwa watu.

Waliokwishaiona, leo msimwangalie Phiona. Mwangalieni mama yake. Angalieni mikono yake. Kuna mahali binti anahitaji mwanga wa kusomea usiku, na mama anakwenda kuuza nguo ya thamani aliyonayo apate pesa ya mafuta ya taa. Mara ya kwanza kinapita haraka, una wasiwasi na mashindano. Leo hamna wasiwasi, mnajua kwamba yatakwenda vizuri, kwa hiyo mna nafasi. Na angalieni katoto kanakomfundisha Phiona kwamba yule askari mdogo kabisa akifika upande wa pili wa ubao anageuka malkia. Kanasema kama kanaeleza jinsi ya kuwasha moto.

Lugha ni Kiingereza cha Kiganda. Anayetaka kutafsiriwa akae karibu na mama yangu, ameshaiona mara nne.

Ina saa mbili na dakika nne. Chai ipo nyuma kwenye chupa, maandazi ni ya mama, watoto wapewe kwanza. Umeme ukikatika tutasubiri, jenereta ipo. Na ninawaomba jambo moja: mwishoni majina yanapoanza kupanda, msiinuke, msianze kukusanya viti. Pale ndipo waigizaji wanapotokea mmoja mmoja, na pembeni ya kila mmoja anasimama mtu wa kweli aliyemwigiza. Phiona mwenyewe yupo. Katende yupo. Mama yake yupo, amesimama pembeni ya Lupita.

Haya, kijana, zima hizo taa za mbele.